Maneno Mia Tatu

Kila ninapotaja mbele ya watu kwamba niliwahi kuwa mwamuzi wa mashindano ya hadithi, huulizwa nani alishinda. Sijapata kuulizwa nani alitolewa. Nami, kusema kweli, aliyeshinda mara ile ya kwanza simkumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba hadithi yake ilihusu mbuzi, ilichekesha, na ilistahili tuzo. Aliyetolewa ndiye ninayemkumbuka, na hadithi yake naikumbuka takriban neno kwa neno. Maneno yenyewe yalikuwa 306.

Kabla sijafika huko, msomaji aniruhusu nieleze kidogo habari za hadithi hizi zinazopimwa kwa hesabu, maana si wote wanaozijua, na wapo wanaozidharau.

Huko Marekani na Uingereza hadithi fupi mno zimepewa jina lake mahsusi, jina lenye maana ya mmweko, kama ule wa radi au wa taa ya mpiga picha. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 1992, James Thomas na wenzake wawili walipotoa mkusanyo wa hadithi 72 za namna hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kulikuwa na shindano la hadithi za maneno 250, likisimamiwa na mwalimu aliyeitwa Jerome Stern, na mwaka 1996 hadithi za shindano hilo, pamoja na nyingine, zilikusanywa kitabuni. Uingereza nako, Tuzo ya Bridport, ambayo ilikuwapo tangu mwaka 1973 kwa mashairi na hadithi fupi za kawaida, iliongeza mwaka 2010 kundi la hadithi za maneno yasiyozidi 250. Tangu hapo mashindano yamechipuka kila mahali kama uyoga baada ya mvua.

Jina ni jipya lakini kitu chenyewe ni cha zamani. Anton Chekhov, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Moscow katika miaka ya 1880, aliwalisha wazazi na ndugu zake kwa hadithi alizoliandikia gazeti la vichekesho la Petersburg lililoitwa Oskolki. Mhariri wake, Leikin, hakutaka hadithi ipite mistari 100. Chekhov alinung'unika juu ya kipimo hicho, akakiri kwamba wakati mwingine kilimlazimisha kukata hata kiini cha jambo, lakini aliendelea kuandika. Mimi naamini, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba ile mistari 100 ndiyo iliyomfundisha kuondoka mapema. Hadithi zake kubwa za baadaye nazo huondoka mapema, kama mgeni mwenye adabu asiyengoja kuletewa maji ya kunawa mara ya pili.

Yuko pia Yasunari Kawabata wa Japani, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1968. Huyu aliandika maishani mwake hadithi zaidi ya mia moja alizoziita za kiganja cha mkono, yaani hadithi inayoenea kiganjani. Mwaka 1972, muda mfupi kabla ya kufa kwake, aliichukua riwaya yake mashuhuri ya nchi ya theluji akaipunguza mpaka ikawa hadithi ya kiganja. Jambo hilo hunishangaza kila nikilifikiria. Mtu ana riwaya inayosomwa dunia nzima, naye mwishoni mwa maisha yake anakaa chini kuitafuta ile sehemu ndogo ambayo isingeweza kutolewa.

Naye Augusto Monterroso wa Guatemala alitoa mwaka 1959 hadithi ya maneno saba tu, juu ya mtu aliyeamka na mnyama mkubwa wa kale. Niliwahi kuifasiri kwa Kiswahili nikiwa nimekaa kituoni nikingoja basi. Nikapata maneno manne.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo watungao kanuni hawalifikirii. Kipimo cha maneno ni kama kibaba: ukinunua mchele kwa kibaba cha watu wengine, usishangae ukifika nyumbani na uzito tofauti. Kiswahili hubeba mizigo yake ndani ya kitenzi. Nikisema "angelimwambia", nimetaja mtendaji, nimemtaja mtendewa, nimeeleza kwamba jambo halikutendeka, na nimeacha majuto yakining'inia mwishoni. Hilo ni neno moja. Mwingereza atahitaji matano au sita kufika hapo hapo. "Wakaoana" ni neno moja. "Wakaachana" ni la pili. Baina ya mawili hayo wewe mwenyewe unaweza kuweka miaka na watoto. Kwa upande wa pili, lugha yetu hutoza ushuru mahali ambapo wengine hupita bure. "Kitabu cha mtoto wa jirani" ni maneno matano, na mawili kati ya hayo ni "cha" na "wa", ambayo hayana mwili wala kivuli, lakini mhesabuji huyahesabu sawasawa na "mauti".

Kwa hiyo aandikaye Kiswahili katika maneno 300 anapewa nafasi kubwa kuliko anavyodhani, ikiwa atawaamini vitenzi wake. Akipenda majina na sifa, atakwisha mapema.

Mashindano ya uandishi si mageni kwetu. Riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ndiyo iliyochukua nafasi ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957 hadi 1958 yaliyoendeshwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, nayo ikachapwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake wakaingia nyumbani kwetu kwa mlango wa shindano. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo iliwahi kuwaalika wasikilizaji kushindania hadithi fupi, na baadhi ya hadithi hizo zilitoka katika vijitabu. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyobeba majina ya Mabati na Cornell, kwa miswada mizima ya riwaya na mashairi. Ninayataja haya ili nisije nikafikiriwa kuwa nadharau mashindano. Bila shindano, huenda mfanyakazi mmoja wa Zanzibar angebaki na Bwana Msa wake kichwani.

Shindano letu lilikuwa dogo. Tulikuwa kikundi cha wapenda vitabu wa hapa Tanga, walimu wastaafu, karani mmoja wa bandari, mwenye duka la vifaa vya shule, na vijana wachache. Mwaka 2017 tukakubaliana kuwaita watu waandike hadithi zisizozidi maneno 300. Kiasi hicho alikileta kijana mmoja aliyekuwa amekisoma mahali, nasi tukakipokea kwa sababu ya kiuchumi zaidi kuliko ya kifasihi: hadithi ya maneno 300 huenea ukurasa mmoja, na kurasa kumi kutoa nakala hakugharimu pesa nyingi. Tuzo ya kwanza ilikuwa shilingi 200,000, ya pili 100,000, ya tatu 50,000, zote zikiwa michango yetu. Tangazo tulilibandika maktabani, sokoni, na kwenye shule tatu. Mstari wake wa mwisho ulisema: hadithi itakayozidi maneno 300 haitapokelewa.

Zililetwa hadithi 64. Nyingi zilikuja kwenye karatasi za daftari zenye mistari, nyingine kwa simu, na moja nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Waamuzi tulikuwa watano. Jioni mbili nzima tulihesabu kwa penseli, tukitia nukta chini ya kila neno la kumi. Msomaji asiyepata kufanya kazi hiyo hawezi kujua hila ambazo binadamu anaweza kuzitunga ili apate nafasi ya neno moja. Wapo walioandika "kwasababu", "kwahiyo", "yakwamba" na "mtuhuyo", wakiunganisha maneno kama mafundi wa kulehemu. Wawili kati yao walikuwa walimu wa Kiswahili. Kwa "polepole" tulibishana karibu nusu saa, ni moja au mawili, mpaka ikaletwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kutuamua kwamba ni moja. Mzee mmoja alikuwa na maneno 301, na lile la ziada lilikuwa "mwisho", alilolitia chini ya hadithi kwa mazoea. Nalo tulilihesabu.

Hadithi tisa zilizidi. Nane tuliziweka kando bila mjadala. Ya tisa ilisomwa kwa sauti na mwalimu mwenzangu mmoja, mama mtu mzima aliyefundisha shule za msingi miaka mingi, na alipomaliza hakuna aliyechukua penseli.

Niieleze. Mtoto wa kike anasimulia. Kila jioni bibi yake husonga bada, hukaanga samaki, kisha husimama mlangoni kuwaita wajukuu. Anawaita kwa majina, saba, mmoja mmoja, kwa utaratibu ule ule, na mtoto huyu, ambaye jina lake ni la mwisho, huitika "Abee" na hugombezwa akichelewa. Kisha bibi anagawa samaki. Vipande ni vinne. Hadithi haisemi neno lolote juu ya hivyo vipande vinne, inaendelea na maji ya kunawa, na mkeka, na paka. Katikati kuna siku bibi anaumwa, kuna mjomba anayesema bibi apelekwe hospitali ya mjini kwa sababu akili imeanza kumtoka, na kuna mtoto anayeuliza akili ikimtoka mtu huenda wapi. Mwishoni ni jioni tena. Bibi amesimama mlangoni kwa kushikilia mwimo. Anaita majina saba, yote, yameandikwa tena moja moja. Na baada ya jina la nne, ambalo ni la mvulana, kabla hajafika la tano, mtoto yule wa kike anaitika: "Naam."

Hapo panaisha. Msomaji wa pwani haelezwi zaidi. Anajua kwamba mwanamke huitika "abee" na mwanamume "naam", na kwamba mtoto wa kike hawezi kukosea hilo labda akusudie.

Sasa hesabu. Maneno yalikuwa 306. Ile orodha ya pili ya majina ilikuwa maneno saba. Mmoja wetu, karani wa bandari, mtu mwepesi wa tarakimu, akagundua mara moja kwamba mwandishi angeandika "wote" badala ya kuyataja yale majina, angepata 300 kamili. Lakini angeandika "wote", ile "naam" ingekuwa haina mahali pa kusimama. Usingejua ameitikia jina la nani.

Mwalimu yule mama alisema kanuni imewekwa ili hadithi ziwe nzuri, na hii ni nzuri, basi kanuni imekwisha kufanya kazi yake na iende ikalale. Alisema pia kwamba majina ya watu si maneno, ni watu. Karani akamwunga mkono. Mimi na wengine wawili tulikataa. Hoja yangu ilikuwa ile mezani pembeni, zile hadithi nane zilizowekwa kando, pamoja na ya mzee wa neno "mwisho". Wale nane walikuwa wameambiwa jambo moja na tangazo moja. Na wale 55 waliofika kwenye kipimo walikuwa wamekata. Nilikuwa nimeona karatasi zao, mistari imefutwa, sentensi nzuri zimechorwa msalaba kwa sababu hazikuenea. Kila mmoja wao alikuwa na majina yake saba aliyoyatupa. Kumpa mtu mwingine asiyekata kile walichokikatia wao ni dhuluma, na dhuluma haibadiliki kuwa haki kwa kuwa aliyedhulumiwa ni mwandishi dhaifu. Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Ningeulizwa leo ningeipiga kura hiyo hiyo.

Hata hivyo sikulala vizuri.

Siku ya kutoa tuzo tulimwalika mwandishi mmoja wa Unguja, mtu mzima mwenye vitabu kadhaa, azungumze na washiriki. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa aliyoyasema aliyasema kwa watu waliokuwapo. Nimehudhuria mazungumzo mengi ya namna hii na maswali ni yale yale: unaandika saa ngapi, ulipata wapi wazo, unatumia kalamu au mashine. Waandishi nao wana majibu yao waliyokwisha kuyapanga. Jarida la Paris Review limekuwa likichapa mahojiano ya waandishi juu ya kazi yao tangu mwaka 1953, na ukiyasoma mengi kwa mfululizo unaanza kusikia kwamba majibu hayo nayo ni hadithi fupi, tena zilizokatwa vizuri. Ernest Hemingway aliliambia jarida hilo mwaka 1958 kwamba aliandika upya ukurasa wa mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms mara 39. Mwaka 2012 riwaya hiyo ilipochapwa pamoja na rasimu zake, miisho iliyotolewa ilikuwa 47. Huyo huyo ndiye anayesingiziwa hadithi ya maneno sita juu ya viatu vya mtoto mchanga, na hakuna ushahidi wowote kwamba aliiandika. Mwandishi akisifika kwa ufupi, kila kilicho kifupi hupelekwa mlangoni kwake, kama sisi tunavyompelekea Abunuwasi.

Mzee wa Unguja aliulizwa na kijana mmoja kwamba atajuaje kuwa hadithi yake imekwisha. Nilitarajia jibu la kupangwa. Alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye husoma kwa sauti kwa mkewe aliye jikoni, na pale mkewe anaporudia kupepeta mchele, hadithi imekwisha, hata kama kuna kurasa tatu zimebaki. Watu wakacheka. Akaongeza, bila kucheka, kwamba vitabu vyake viwili vya mwanzo havikusomwa jikoni, na havisomeki. Kisha binti mmoja akamuuliza alilipwa kiasi gani kwa kitabu cha mwisho. Alilitaja wazi lile kiasi, na ukumbi ukanyamaza, kwa kuwa lilikuwa pungufu ya tuzo yetu ya kwanza.

Baada ya sherehe, watu wakinywa chai, msichana mmoja alinijia. Angeweza kuwa na miaka 22 au 23. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Akajitaja, nikajua ni yeye. Alikuwa akishona nguo kwenye baraza la duka karibu na barabara ya 12, na alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili.

Nilijiandaa kwa malalamiko. Hakulalamika. Alitaka kujua kama hadithi yake ilisomwa au iliishia kwenye kuhesabiwa. Nikamwambia ilisomwa kwa sauti, na nani aliisoma, na jinsi tulivyokaa kimya. Akauliza kama msomaji aliitamka ile "naam" ya mwisho kwa sauti ya chini au ya juu. Nikamwambia ya chini. Akatikisa kichwa: "Hapana, mwalimu. Ilikuwa ya juu. Bibi alikuwa hasikii vizuri."

Nikamuuliza kama aliyahesabu maneno. Alisema aliyahesabu mara tatu. Alijua ni 306. Nikamuuliza, basi mwanangu, kwa nini hukuweka "wote"? Alinitazama kama mtu anayetazamwa na fundi mgeni anayemshauri akate kitambaa kwa meno.

"Bibi hakusema 'wote', mwalimu. Alikuwa anataja."

Nilinyamaza. Nikamwambia kwamba kulikuwa na shilingi 200,000. Akasema anajua, tangazo lilisema, na kwamba cherehani anayoitumia si yake, na kwa pesa hizo angeongeza kidogo tu akapata ya kwake. Aliyasema hayo bila kunilaumu, kama mtu anayetoa hesabu ya duka. Kisha akasema jambo ambalo limebaki kwangu kuliko hata hadithi yenyewe. Nilikuwa nimemuuliza, kama wote wanavyouliza, na kama nilivyokuwa nimekwisha kuwacheka wengine kwa kuuliza, kama yule mtoto aliyeitika ni yeye. Akasema sivyo. Aliyeitika alikuwa dada yake mkubwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka," akasema. "Nilikuwa mdogo, nikaona dada anachekesha. Katika hadithi sikujiweka. Hapakuwa na nafasi."

Nimelifikiria sana neno hilo, nafasi. Alikuwa na maneno sita zaidi ya yaliyoruhusiwa, akayatumia yote kwa ajili ya watu wengine, na aliyemkata ili wengine waenee ni yeye mwenyewe. Kumbe alikuwa amekata. Sisi tulipokuwa tukipima nani amekata na nani hakukata, tulikuwa tunatazama karatasi. Alichokitoa yeye kilitoka kabla hajashika kalamu. Hilo halinibadilishii kura, maana mwamuzi hana kitu cha kuhukumu isipokuwa karatasi, na yule mzee wa "mwisho" naye huenda alikuwa na mambo yake asiyoyaandika. Lakini limenibadilishia namna ya kusoma. Sasa nikisoma hadithi fupi, hasa ikiwa nzuri, hujiuliza mwandishi alikuwa amesimama wapi chumbani wakati mambo haya yakitendeka, na kwa nini simwoni.

Chekhov alipata barua mwezi wa Machi mwaka 1886 kutoka kwa mwandishi mzee, Grigorovich, akimsihi aheshimu kipaji chake na aache kuandika haraka haraka. Chekhov akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, akakiri kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku moja, na kwamba ile Grigorovich aliyoipenda aliiandikia kwenye nyumba ya kuogea. Walimu huisoma barua hiyo kama kisa cha kijana aliyeonywa akaonyeka. Mimi huisoma nikiwaza jambo jingine: ile iliyopendwa ilikuwa miongoni mwa zilizoandikwa haraka. Siku moja ya kuandika, lakini nani ajuaye siku ngapi za kutazama. Binti wa cherehani aliniambia hadithi yake aliiandika usiku mmoja, umeme ulipokatika, kwa taa ya simu. Bibi yake alikuwa amekufa miaka tisa nyuma.

Kile kijitabu chetu kilitoka na hadithi kumi, na yake haimo. Mwalimu yule mama aliniomba ruhusa ya kuipiga chapa peke yake na kuwagawia wanafunzi wake wa zamani. Nikamwambia ruhusa si yangu, aende barabara ya 12. Alikwenda, akapewa, na tangu hapo nguo zake zote hushonewa huko. Aliniletea nakala, ndiyo ninayoitazama sasa. Makosa ya tahajia ni mawili, nayo aliyaacha.

Mwaka uliofuata, 2018, tulikutana kutunga tangazo jipya. Karani wa bandari, ambaye alikuwa hajasahau, alipendekeza kwamba majina ya watu yasihesabiwe. Hakuna aliyepinga, hata mimi, maana kanuni inayotangazwa mapema kwa wote ndiyo haki yenyewe; ni ile inayopindwa baadaye kwa ajili ya mmoja niliyokuwa nikiikataa. Tukaandika hivyo, tukabandika.

Zililetwa hadithi 91. Nathubutu kusema hakuna mji uliowahi kuwa na watu wengi kiasi hicho ndani ya karatasi chache hivyo. Kulikuwa na harusi zenye wageni waliotajwa mmoja mmoja mpaka wapishi. Kulikuwa na basi la kwenda Lushoto lenye abiria wote na majina ya baba zao. Mshiriki mmoja alitia kikosi kizima cha Coastal Union kilichochukua ubingwa mwaka 1988, wachezaji wa akiba pamoja na kocha, katika hadithi iliyohusu mtu aliyepoteza ufunguo. Mwalimu yule mama alisoma zote, jioni tatu, miwani ikimteleza puani, na kila alipofika kwenye orodha alipunguza mwendo na kutamka kila jina kamili, kama mtu anayesikiliza kama kutakuwa na mwitikio.

Ya binti wa barabara ya 12 haikuwamo. Nilipita barazani kwake wiki hiyo kuchukua suruali, nikamwambia kuhusu ile kanuni mpya. Alikuwa na sindano mdomoni, akanisikiliza mpaka mwisho, akaitoa, akaniambia kwamba kwa sasa anaandika kirefu.